Kutoka saini kwenda kosaini: pembetatu, kanuni, nukta au kikokotoo?

Swali lenyewe huwa fupi. Mwanafunzi anaambiwa kwamba saini ya pembe A ni 5/13, kisha anatakiwa ataje kosaini na tanjenti ya pembe hiyo hiyo, na mara nyingi karatasi ya mtihani huongeza maneno yanayowatia wengi wasiwasi: bila kutumia majedwali wala kikokotoo. (Saini ninayoitaja hapa ni ya hisabati, uwiano wa pande za pembetatu kama kosaini na tanjenti, wala si ile inayowekwa chini ya barua, maneno hayo mawili yamefanana kwa bahati tu, na kwenye milinganyo nitaandika sin, cos na tan kama yalivyo vitabuni.) Njia za kufikia jibu ni nne: kuchora pembetatu, kutumia kanuni, kuweka nukta kwenye mihimili ya x na y, au kuitafuta pembe yenyewe kwa majedwali ama kikokotoo na kuusoma uwiano mwingine kutoka hapo. Pembe ikiwa kali, yaani chini ya nyuzi 90, zote nne zinafika kwenye 12/13, na mtu anaweza kudhani kwamba kuchagua baina yake ni suala la mazoea.

Mimi sidhani hivyo. Katika madaftari niliyoyasahihisha, mwanafunzi mara chache hukosea ukubwa wa namba. Anapata 12 na 13 zake vizuri, kisha anakosa alama ya hasi iliyotakiwa kuwa mbele yake, au anaandika jibu moja mahali palipotakiwa mawili. Kwa hiyo ninapozilinganisha njia hizi jambo la kwanza ninaloliangalia ni mahali ambapo kila moja inamlazimisha mtu kuamua iwapo jibu ni chanya au hasi. Kasi naitazama baadaye, pamoja na uwezo wa njia kuhifadhi sehemu na vipeuo bila kuvigeuza kuwa desimali zilizokatwa.

Njia ya pembetatu ndiyo inayofundishwa kwanza, na inastahili nafasi hiyo. Unachora pembetatu yenye pembe mraba, unaiweka A kwenye mojawapo ya pembe mbili zilizobaki, unaandika 5 kwenye upande unaoikabili A, na 13 kwenye upande mrefu kuliko yote, ule unaokabili pembe mraba, ambao darasani huitwa haipotenusi. Upande wa tatu haukutajwa kwenye swali, lakini kanuni ya Pythagoras inautoa: 169 toa 25 ni 144, na kipeuo cha pili cha 144 ni 12. Kuanzia hapo hakuna hesabu iliyobaki ila kusoma mchoro, kwa kuwa saini ni upande unaoikabili A juu ya haipotenusi, kosaini ni upande unaopakana na A juu ya haipotenusi, na tanjenti ni ule unaoikabili juu ya ule unaopakana nayo: cos A = 12/13 na tan A = 5/12, na anayetaka vinyume vyake, kama 13/12 au 12/5, anavigeuza tu juu chini. Faida yake kubwa ndiyo hiyo, kwamba mchoro mmoja unatosha kwa maswali yote yanayofuata kuhusu pembe hiyo, hata kama swali lina vipengele (a) hadi (e).

Inafaa kukumbuka kwamba 5 na 13 si urefu halisi wa kitu chochote. Ni uwiano, na pembetatu yenye pande za 10 na 26 ingetoa majibu yale yale. Anayesahau jambo hili hukwama anapopewa tan A = 0.75, kwa sababu haoni pande mbili za kuandika. Dawa ni kuigeuza desimali kuwa 3/4 kabla ya kushika rula. Vivyo hivyo tan A = 2 ni 2 juu ya 1, haipotenusi inakuwa kipeuo cha pili cha 5, na sin A inakuwa 2/√5, ambayo ukiisafisha asili yake inasomeka 2√5/5. Watunga mitihani wanapenda seti za namba zinazotoka bila kipeuo, yaani 3, 4, 5. Kisha 5, 12, 13; 8, 15, 17; na 7, 24, 25. Na mara chache 20, 21, 29. Ile ya kwanza mafundi ujenzi wanaijua bila kitabu, kwa maana ndiyo wanayopimia kona ya msingi kwa futi ya mkononi: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na ikiwa mkingamo ni mita 5 kamili, kona imenyooka. Mwanafunzi aliyezizoea seti hizi anaokoa dakika moja au mbili, lakini asije akazitegemea kiasi cha kudhani amekosea kila anapokutana na √61.

Kosa linaloonekana zaidi katika njia hii ni kujumlisha mahali pa kutoa. Mtu amezoea kwamba Pythagoras ni kujumlisha miraba, kwa hiyo anajumlisha 25 na 169, anapata 194, na anaandika cos A = √194/13. Jibu hilo linajifichua lenyewe kwa anayelitazama: √194 ni karibu 13.9, na hakuna upande unaoweza kuizidi haipotenusi, wala kosaini inayoweza kuzidi 1. Kunapokuwa na namba kubwa kuna ujanja mmoja ninaoupendekeza sana. Badala ya kutafuta mraba wa kila namba, zidisha tofauti yake kwa jumla yake. Ukipewa sin A = 99/101, tofauti ni 2 na jumla ni 200; zao lake ni 400, kipeuo chake ni 20, na cos A = 20/101. Aliyekwenda kwa njia ndefu bado anatafuta mraba wa 101.

Kasoro ya pembetatu ni ya kimaumbile. Haina upande hasi, wala haina nafasi ya pembe inayozidi nyuzi 90 pale ulipoiweka A. Haikuulizi kamwe kuhusu alama, na pembe isipokuwa kali, itakupa namba chanya kwa utulivu ule ule iliokupa ilipokuwa sahihi. Kwa pembe kali, hata hivyo, sioni sababu ya kuiacha.

Njia ya pili haichori kitu. Inaanza na sin²A + cos²A = 1, inaongeza kwamba tan A ni sin A gawanya kwa cos A, na kutoka hizo mbili inapata ya tatu, 1 + tan²A = 1/cos²A. Kwa mfano wetu, cos²A = 1 − 25/169, ambayo ni 144/169, basi cos A ni 12/13 au −12/13. Anayetazama kwa makini ataona kwamba hii ni pembetatu ile ile iliyogawanywa kwa 169 kila mahali. Tofauti ni kwamba kule asili ya 13 uliiweka pembeni hadi mwisho, na huku unaibeba toka mstari wa kwanza. Ndiyo maana kwa namba za kawaida kanuni ni ya polepole zaidi na ina nafasi nyingi za kuteleza, hasa kwa mtu anayeandika 1 − 25/169 = 24/169 kwa kusahau kwamba 1 ni 169/169.

Lakini angalia lilipotokea neno "au". Kipeuo cha pili kimezaliwa na majibu mawili, na karatasi yenyewe imekuuliza ni lipi unalolitaka. Hapo kanuni inaishinda pembetatu, angalau kwa anayeandika alama ya ± kila anapotoa kipeuo katika mlinganyo. Tabu ni kwamba wengi hawaiandiki. Wamezoea kwamba kipeuo cha 144 ni 12, na hakika √144 ni 12 tu, lakini namba ambazo mraba wake ni 144 ni mbili, na kinachotafutwa hapa ni hizo.

Njia hii ina umri. Al-Battani, mnajimu aliyefanya kazi zake Raqqa, katika nchi ambayo leo ni Syria, na kufariki mwaka 929, anatajwa kuwa alitatua swali la aina hii hasa: ikiwa saini ya pembe ni sawa na a mara kosaini yake, saini yenyewe ni ngapi? Jibu lake, kwa maandishi ya leo, ni a/√(1 + a²). Hiyo a ni tanjenti, kwa hiyo ni fomula ya kutoka tanjenti kwenda saini bila kupitia pembe, na mwanafunzi anayeandika 2/√5 kwa tan A = 2 anapita njia hiyo hiyo.

Mahali ambapo kanuni inatamba ni pale swali lisipotaka uwiano mmoja mmoja. Tuseme tan A = 5/6, na unaulizwa thamani ya (3 sin A − 2 cos A) gawanya kwa (sin A + 4 cos A). Anayechora pembetatu atapata haipotenusi ya √61, ataandika sin A = 5/√61 na cos A = 6/√61, ataziweka mahali pake, atapata 3/√61 juu na 29/√61 chini, na √61 zitafutana; jibu ni 3/29, na hakuna alichokosea. Anayetumia kanuni anagawanya juu na chini kwa cos A, sehemu yote inageuka kuwa (3 tan A − 2)/(tan A + 4), anaweka 5/6, na anapata nusu gawanya kwa 29/6, yaani 3/29. Amemaliza kwa mistari mitatu. Zaidi ya hayo, mwenye pembetatu amedhani kimya kimya kwamba A ni pembe kali. Tanjenti ya 5/6 inaweza pia kuwa ya pembe iliyo kati ya nyuzi 180 na 270, ambako saini na kosaini zote ni hasi. Mwenye kanuni hana haja ya kujua, kwa sababu alama zote mbili zingegeuka pamoja na jibu lingebaki 3/29. Ni mara chache katika mada hii kukutana na njia inayokwepa kabisa suala la alama, na ikipatikana, ichukuliwe.

Herufi nazo ziko upande wa kanuni. Ukiambiwa tan x = k na utafute sin x, unaweza kuchora pembetatu yenye k na 1, na watu wengi hufanya hivyo, lakini mchoro huo umekwisha kuamua kwamba k ni chanya bila kuulizwa. Fomula k/√(1 + k²) inakubali k hasi pia, mradi kosaini ni chanya. Na katika maswali ya kuthibitisha, ambapo upande wa kushoto unatakiwa ugeuke kuwa upande wa kulia kwa kila pembe, mchoro wa pembetatu moja hauthibitishi kitu kwa pembe zote. Huko kanuni haina mpinzani.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Chora mhimili wa x na wa y, weka nukta P mahali fulani, iunganishe na kitovu, na uihesabu pembe kuanzia upande chanya wa mhimili wa x kwa kuzunguka kinyume na mishale ya saa. Ikiwa nukta ni (x, y), na r ni umbali wake kutoka kwenye kitovu, basi kosaini ni x/r, saini ni y/r, na tanjenti ni y/x. Hiyo r ni umbali, kwa hiyo haiwi hasi hata siku moja. Alama zote zinabebwa na x na y, na hizo unaziona kwa macho: kulia ni chanya, kushoto ni hasi, juu ni chanya, chini ni hasi.

Chukua swali hili: tan θ = −8/15, na θ iko kati ya nyuzi 90 na 180. Tafuta sin θ na cos θ.

Kwenye daftari moja nililolisahihisha, mwanafunzi alichora pembetatu safi kabisa, kwa rula, akaandika −8 kwenye upande unaoikabili pembe, 15 kwenye upande unaopakana nayo, akapata haipotenusi ya 17, na akamalizia kwa sin θ = −8/17 na cos θ = 15/17. Kila hesabu iliyomo ilikuwa sahihi. Alipokosea ni pale alipoichukua alama ya kutoa na kuibandika kwenye 8 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu nayo kwenye karatasi ya maswali. Lakini −8/15 ni namba moja. Hasi yake si mali ya 8 wala ya 15, na inaweza kuandikwa 8/−15 bila kubadilika. Majibu aliyoyatoa ni ya pembe iliyo kati ya 270 na 360, ambayo pia ina tanjenti ya −8/15, lakini siyo iliyoulizwa.

Kwa nukta, kosa hilo ni gumu kulifanya. Pembe kati ya 90 na 180 inaipeleka nukta kushoto na juu, kwa hiyo x lazima iwe hasi na y iwe chanya. Y/x ni −8/15, basi nukta ni (−15, 8). Umbali wake ni kipeuo cha 225 + 64, yaani cha 289, ambacho ni 17. Kwa hiyo sin θ = 8/17 na cos θ = −15/17. Uamuzi kuhusu alama ulifanyika kabla ya hesabu yoyote, mahali ambapo akili ilikuwa bado imetulia, tena kwa kutazama mchoro na si kwa kukumbuka orodha ya robo zipi, kati ya nne zinazogawanywa na mihimili, zina alama gani.

Kwa kanuni swali hilo linakwenda hivi: 1 + 64/225 = 289/225, hiyo ni 1/cos²θ, basi cos θ ni 15/17 au −15/17; kwa kuwa θ iko kwenye robo ya pili, tunachukua −15/17; kisha sin θ ni tan θ mara cos θ, yaani −8/15 mara −15/17, ambayo ni 8/17. Ni sahihi, na inapendeza kwamba alama ya saini imejitokeza yenyewe kwa kuzidisha hasi kwa hasi. Ila uamuzi wa cos θ umekuja katikati, na aliyeuruka hapo atapata zote mbili kinyume, sawa na yule wa pembetatu.

Nukta inasaidia pia pale swali lisiposema pembe iko wapi. Tukirudi kwenye sin A = 5/13 bila maneno mengine, chora duara lenye nusu kipenyo cha 13 na mstari wa kulala unaopita y = 5. Mstari unalikata duara mara mbili, kwenye (12, 5) na kwenye (−12, 5), basi kosaini ni 12/13 au −12/13 na tanjenti ni 5/12 au −5/12, na anayesahihisha ana haki ya kutaka majibu yote mawili. Pembetatu ingeonyesha nukta ya kulia tu. Na nukta ikiwa juu ya mhimili wa y kabisa, kama sin A inapokuwa 1, x ni sifuri, y/x haina maana, na unaona mara moja kwa nini tanjenti ya nyuzi 90 haipo.

Dosari ya njia hii ni ndogo: inachukua nafasi kwenye karatasi, na kwa pembe kali inarudia kazi ya pembetatu huku ikiongeza mihimili isiyo na kazi. Naivumilia dosari hiyo.

Kuna njia fupi ya pembeni ambayo haistahili sehemu yake yenyewe lakini haifai kusahauliwa. Saini ya pembe ni kosaini ya pembe inayoikamilisha hadi 90. Ukipewa kwamba sin 35° ni 0.5736 na ukaulizwa cos 55°, usichore wala usipige kipeuo. Jibu ni 0.5736. Na ukipewa sin (x + 30°) = cos 2x kwa pembe kali, jumla ya pembe hizo mbili ni 90, kwa hiyo 3x ni 60 na x ni nyuzi 20.

Njia ya nne inaitafuta pembe yenyewe. Kwa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, 5/13 inageuzwa kuwa 0.3846, unatafuta kwenye jedwali la saini, unakuta 0.3843 chini ya nyuzi 22 na dakika 36 (dakika hapa ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi), zimebaki 3 kwenye tarakimu ya mwisho, na safu za tofauti zilizo pembeni zinasema 3 ni dakika 1. Pembe ni nyuzi 22 na dakika 37. Sasa unahamia jedwali la kosaini: nyuzi 22 na dakika 36 ni 0.9232, na tofauti ya dakika 1 ni 1. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Saini inapanda pembe inapokua, kwa hiyo tofauti yake inajumlishwa. Kosaini inashuka, kwa hiyo yake inatolewa. Anayetoa anapata 0.9231, ambayo ndiyo 12/13 kwa tarakimu nne. Anayejumlisha kwa mazoea anapata 0.9233, na hakuna kitu kwenye ukurasa kitakachomwambia kwamba amekosea.

Kikokotoo kinaondoa shida hiyo na kuleta nyingine. Ukibonyeza saini kinyume ya 5 gawanya kwa 13, kisha kosaini ya ulichopata, kinaonyesha 0.923076923. Kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wangu: katika hesabu hii hata kama kikokotoo kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi, jibu ni lile lile, kwa sababu pembe inaingia na kutoka kwa kipimo kimoja. (Ukiandika pembe kwa mkono ni habari nyingine, sin 30 kwenye radiani ni −0.9880, wala si nusu.) Shida halisi ni kwamba saini kinyume hurudisha pembe kati ya −90 na 90 tu, tanjenti kinyume vivyo hivyo, na kosaini kinyume kati ya 0 na 180. Kipe −8/15 kwenye tanjenti kinyume, kitakurudishia nyuzi −28.07, na kosaini ya hiyo ni 0.8824, chanya, wakati θ yetu ilitaka −15/17. Mashine haijadanganya, imejibu kuhusu pembe nyingine yenye tanjenti hiyo. Ili upate yako, lazima wewe mwenyewe uongeze 180 na kufika nyuzi 151.93, na anayejua kufanya hivyo amekwisha kuiona nukta ilipo, kwa hiyo angeweza kuandika −15/17 moja kwa moja.

Mtihani wa KCSE wa Kenya, ule wa kumaliza sekondari, unaruhusu kikokotoo kisichoprogramiwa na majedwali, isipokuwa pale swali linaposema vinginevyo, na maswali ya mada hii ni miongoni mwa yale yanayosema vinginevyo. Sababu inaeleweka: 0.9231 si 12/13, ni jirani yake, na anayetaka 2√5/5 hataridhika na 0.8944. Kwa hiyo kikokotoo, kinaporuhusiwa, nakiweka kwenye kuhakiki. Gawanya 12 kwa 13, linganisha na ulichobonyeza, endelea.

Ipo hali moja ambayo hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa, nayo ni pale uwiano uliopewa umekwisha kukatwa na uko karibu sana na 1. Ukiambiwa sin A = 0.9999 na ukaifuata kanuni, utapata cos A = 0.0141. Lakini 0.9999 ya tarakimu nne inaweza kuwa ilikuwa 0.99985 au 0.99995 kabla ya kukatwa. Ya kwanza inatoa kosaini ya 0.0173, ya pili 0.0100. Tofauti ndogo isiyoonekana kwenye saini imekuwa tofauti kubwa kwenye kosaini, na kipeuo, pembetatu na kikokotoo vyote vitaibeba vilevile. Karibu na nyuzi 90 saini inakaribia kusimama huku kosaini ikiendelea kushuka. Mwenye hiari ya kuchagua apime kosaini au tanjenti, kisha atafute saini, asiende kinyume chake. Ikiwa 0.9999 imetolewa na swali kama namba kamili, basi andika 0.0141 bila wasiwasi.

Nje ya darasa uamuzi huwa mwepesi zaidi, kwa sababu pembe ni kali na namba zimepimwa kwa futi. Fundi wa kenchi anajua kwamba paa linapanda sentimita 90 kwa kila mita 3 za kulala, na hiyo ni tanjenti ya 0.3. Anachokitaka ni urefu wa mbao ya mteremko, ambao ni mita 3 gawanya kwa kosaini. Anaweza kwenda kwenye jedwali, akapata nyuzi 16 na dakika 42, akasoma kosaini ya 0.9578, akagawanya na kupata mita 3.132. Au anaweza kuzidisha mita 3 kwa kipeuo cha 1 + 0.09, ambacho ni 1.044, na kufika pale pale bila kujua pembe ni nyuzi ngapi. Wengi wao hawafanyi lolote kati ya hayo. Wanapima 3 na 0.9 ardhini kwa kona iliyonyooshwa, wanavuta futi kwenye mkingamo, wanaongeza sehemu itakayotokeza nje ya ukuta, na wanakata mbao.